Vigezo na Masharti ya Kucha

Fungua ukurasa wa fundi yeyote wa kucha hapa Nairobi, na kabla hujaona kucha utakutana na sheria. Zimebandikwa juu kabisa, maandishi meupe kwenye rangi ya waridi, na mara nyingi ni ndefu kuliko mkataba wa nyumba ninayopanga. Ukitaka nafasi, tuma dipoziti kwanza, na hiyo dipoziti hairudi. Ukichelewa dakika 15 utalipa faini, ukichelewa 30 nafasi yako imeenda. Usije na rafiki. Usije na mtoto. Usije na jeli ya fundi mwingine kwenye kucha, ama basi ulipie kutolewa. Upande wa nywele ni hivyo hivyo: njoo zikiwa zimeoshwa, zimekaushwa, zimenyooka, na kama unataka knotless za kiuno, usiulize kama zinaweza kuisha kwa saa mbili. Halafu chini kabisa, kama muhuri: bei haipungui.

Watu wanazicheka sana. TikTok imejaa vichekesho vya fundi amesimama mlangoni akimsomea mteja vifungu kama askari wa geti, mteja naye ameshika kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Na kila baada ya muda mtu huandika lile lalamiko letu la pamoja: mafundi wa siku hizi wana madharau, zamani mathe alikuwa anasukwa kwa veranda ya jirani, wanapiga stori na chai, pesa italipwa mwisho wa mwezi. Mimi nafikiri wanaocheka wamesoma haraka. Hili ni jarida la fasihi, si ndio? Basi tuyasome haya masharti vile tunavyosoma kitu kingine chochote: nani anaongea, anaongea na nani, anatumia lugha gani, na ni nini ameacha bila kuandika.

Nianze na lugha, kwa sababu ndiyo inanifurahisha zaidi. Masharti karibu yote huandikwa kwa Kiingereza. Ukifika penyewe, ghorofa ya tatu, chumba kidogo kilichogawanywa kwa kioo na fundi wa kope, utapokewa kwa Kiswahili, utahudumiwa kwa Kiswahili na Sheng, na umbea wote utakuwa wa Kiswahili. Kiingereza kimebaki kwa ukurasa. Wengi wanadhani ni maringo. Sikubali. Kiswahili chetu kina vifaa vingi mno vya kuomba kupunguziwa. Kuna "aki nipunguzie", kuna "nisaidie tu leo", kuna "kwani mimi ni mgeni hapa?", kuna "wewe si ni dadangu", kuna ile ya kumwita mtu "mrembo" mara tatu kabla ya kuuliza bei. Bei ikitajwa kwa Kiswahili ni mwanzo wa maongezi. Ikiandikwa kwa Kiingereza, pamoja na lile neno refu lenye kistari katikati la kusema pesa hairudishwi, inasimama pale kama notisi ya benki. Nani amewahi kubembeleza notisi ya benki?

Haya mambo nayajua kwa sababu nimeyaandika. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, kazi ya kwanza ya uandishi iliyonilipa ilikuwa ya kurasa za saluni: maelezo ya picha, orodha za bei, majibu ya kutumia wateja usiku. Saluni tatu zilitaka niwaandikie sheria, na moja ilinilipa kwa kunisuka, malipo ambayo kwa hesabu yangu yalizidi ya majarida mengi. (Wahariri, msikasirike.) Fundi mmoja nilimpelekea rasimu ya Kiswahili, nikiwa najivunia kweli. Akairudisha. Alisema mteja akiisoma hivyo ataona mlango uko wazi. Tukaketi tukaiandika upya, na hapo ndipo nilipoona zinavyotungwa, kwa sababu kila kifungu kilikuwa na mtu wake. Dipoziti ilikuwa ya mteja aliyeshika nafasi ya saa nne Jumamosi, fundi akakataa wengine wawili kwa ajili yake, halafu akazima simu. Kifungu cha mtoto kilikuwa cha mtoto aliyeangusha chupa ya asetoni juu ya kitabu cha hesabu. Cha kulipa kabla ya kuvaa viatu kilikuwa cha dada aliyetuma M-Pesa, akaonyesha ujumbe, akashuka ngazi, na akiwa huko huko ngazini akaomba pesa irudishwe ati ametuma kwa namba isiyo sahihi. Vifungu kumi na viwili, watu kumi na wawili. Hakuna hata kimoja alichotoa kwa ukurasa wa mwingine, ingawa ukivisoma utaapa kwamba mafundi wote wa mji huu wanakopiana.

Kwa hivyo mimi nayasoma kama kumbukumbu. Mtu ambaye kazi yake ni kuinamia vidole vya wengine amepata mahali pa kuweka yaliyompata, na ameyaweka kwa umbo ambalo mteja hawezi kulikatiza.

Hilo si jambo dogo ukikumbuka jinsi saluni ilivyo katika vitabu. Fasihi ikiingia saluni, kwa kawaida huingia ikiwa mteja. Chukua Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, ya mwaka 2013, ambayo pengine ndiyo yenye saluni maarufu zaidi katika riwaya za Kiafrika za wakati wetu. Ifemelu anatoka Princeton kwenda Trenton kusukwa, kwa sababu Princeton hakuna wa kumsuka, na riwaya inarudi tena na tena kwenye kile kiti huku kumbukumbu zake zikizunguka mabara matatu. Msusi wake, Aisha, anayetoka Senegal, tunamwona kutoka chini, kutoka kitini: anauliza maswali mengi, anavuta nywele, ana shughuli yake na wanaume wa Kiigbo. Adichie anajua anachofanya, na kuna wakati Aisha anafunguka kuhusu makaratasi yake na hewa yote ya kile chumba inabadilika. Lakini zile saa ni za Ifemelu. Mikono ni ya Aisha na mawazo ni ya mteja.

Jocelyn Bioh, kwenye mchezo wake Jaja's African Hair Braiding uliofika Broadway mwaka 2023, aligeuza kiti. Ni siku moja ya joto Harlem. Wasusi ndio wanaobaki jukwaani kutoka asubuhi hadi jioni. Wateja ndio wanaokuja na kuondoka, na waigizaji wachache hubadilisha nguo na wigi kuwa mteja huyu halafu yule. Uamuzi huo mmoja unatosha kukuharibia saluni zote za vitabuni ulizosoma kabla, kwa sababu ghafla unaona kwamba mteja ndiye mpita njia. Bado, lakini, ni Bioh anayewaandikia. Dada wa ghorofa ya tatu na rangi yake ya waridi anajiandikia, hata kama mara moja moja anamlipa mtu kama mimi amwekee koma.

Sasa, sitaki kuyapamba haya masharti. Yana kasoro, na kubwa yao ni watu ambao yamewafungia nje. Mwanamke mwenye mtoto wa miaka miwili na Jumapili moja ya kupumua hana mahali pa kumwacha huyo mtoto. Kwake, "usije na mtoto" ni "usije". Faini ya kuchelewa imetungwa na mtu anayeijua Jogoo Road vizuri, na bado inamkuta abiria wa matatu vibaya kuliko mwenye Uber. Wote wanakwama, sawa, ila mia tatu za faini kwa mmoja ni fare ya kesho. Na kifungu cha rafiki kimeua kitu. Kulikuwa na raha ya kwenda kusukwa mkiwa watatu, mmoja kitini na wawili wakitoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kuhusu stori zenyewe, sina huzuni sana. Kuna kurasa sasa zinakuuliza ukishika nafasi kama ungependa kuongeleshwa au kuachwa kimya, na watu wanalia ati utu umeisha. Mimi nauliza, utu wa nani? Kusikiliza ni kazi. Fundi anayepokea wateja sita kwa siku anapokea na ndoa sita, mabosi sita, mashemeji sita, na kwa kila mmoja lazima aseme "ai, na ukafanyaje?" kama vile ndiyo mara ya kwanza kusikia mwanaume amezima simu. Hiyo haijawahi kuwa kwenye bei.

Linganisha na Kenyatta Market. Pale hakuna ukurasa wala kifungu. Ukiingia tu, moshi wa nyama choma upande mmoja, wasusi upande mwingine, unashikwa mkono kabla hujasema unataka nini. Wanawake watatu, wakati mwingine wanne, wanazunguka kichwa kimoja, kila mmoja na pembe yake, na nywele ambazo kwa msusi mmoja zingekula siku nzima zinaisha jua likiwa bado liko. Mtoto wako anakalishwa kwa kreti ya soda na kupewa mandazi. Chelewa hata saa tatu, hakuna aliyekuwa akikungoja. Waandishi tunapapenda sana hapa kwa sababu pana harufu na kelele, na harufu na kelele ni rahisi kuandika. Lakini ile bei mnayoelewana pale mwanzo inagawanywa kwa mikono yote iliyokigusa kichwa. Ukifaulu kupunguziwa mia tano, umewakata watatu au wanne kwa mpigo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba haipungui. Nimewaona watu wakitoka pale wakijisifia lile punguzo huku wakifungua mlango wa gari. Siku hiyo niliupenda ukurasa wa waridi na ukali wake wote.

Kuna maandishi mengine ndani ya chumba cha kucha ambayo hakuna anayeyasoma: ya chupa. Tarehe 1 Septemba 2025 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali iitwayo TPO katika vipodozi, ile iliyokuwa ikitumika kuifanya jeli igande chini ya taa, kwa kuhofia madhara kwenye uzazi. Mitandao yetu ilijaa video kwa siku kadhaa, na karibu zote zilimuuliza mteja kama sasa ataacha jeli. Mteja huweka mikono chini ya taa mara moja kwa wiki tatu. Fundi anashika chupa hizo kutoka asubuhi hadi usiku, anasaga jeli kavu vumbi likipanda puani, kwa chumba ambacho dirisha limezibwa na bango la biashara yake mwenyewe. Katika vile vifungu kumi na viwili hakuna kinachohusu mapafu yake. Nilipendekeza kimoja, kwamba dirisha litabaki wazi hata kukiwa na baridi. Akasema wateja watanung'unika, tukakiacha. Kwa hiyo amelinda muda wake na pesa zake kwa maandishi, na mwili wake bado uko nje ya karatasi.

Serikali nayo husoma kazi hii vivyo hivyo, kwa vitu. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa wigi, ndevu bandia, kope na kucha za kubandika. Kila kinachobandikwa kilitajwa kwa jina lake. Anayebandika hakuonekana popote.

Twende kwa spa, huko ambako maandishi yenyewe yanapakwa mafuta. Neno lilitoka kwa mji wa Spa, Ubelgiji, uliojulikana kwa chemchemi zake, na tangu litoke huko halijapumzika: Westlands, Kilimani, Ruaka, sasa hata ghorofani juu ya supamaketi ya mtaa. Orodha inakuja kwa karatasi nene na kila huduma ni safari. Safari ya Bali, safari ya Uswidi, safari ya Moroko. Bafu la Moroko hasa limeshika, kutoka Eastleigh hadi Kilimani: mvuke, sabuni nyeusi ya zeituni, na ile glavu ya kukwaruza inayotoa nongo hadi unaona haya. Nalipenda sana, sitadanganya. Ninacholalamikia ni kwamba orodha hizi zinairuka pwani yetu kama ndege ya kwenda Ulaya. Mombasa, Lamu, Unguja, bibi harusi husingwa kabla ya harusi: liwa, asumini, mlangilangi, waridi, mwili mzima, siku baada ya siku, mpaka ngozi inanukia yenyewe. Neno lipo, singo. Ni fupi, linaingia kwa bango la ukubwa wowote. Sijaliona kwa orodha hata moja hapa Nairobi.

Silitaki kwa sababu ya uzalendo. Nalitaka kwa sababu kwenye hiyo desturi kuna mtu. Kuna somo anayemsimamia bibi harusi, ana jina, ana nafasi mbele ya familia, anatunzwa, na ukimdharau habari zitakutangulia mtaani. Orodha ya spa imeandikwa bila mtu. Ngozi yako itasuguliwa, uchovu wako utayeyushwa, utaamshwa kwa chai ya tangawizi. Na nani? Sarufi imemficha. Kila kitenzi kimewekewa ile -wa ya mwisho na mtendaji akaachwa mlangoni na kandambili zake.

Aliyefichwa ana masharti pia, ila hakuyaandika yeye. Yako upande wa nyuma, karibu na friji ya wafanyakazi: simu marufuku, kukaa chini wakati hakuna mteja marufuku, mteja akilalamika hasara ni yako. Wengi hawana hata mshahara wa kukatwa. Wanalipwa asilimia ya kila kichwa au kila mgongo, na siku ya mvua wasipopata mteja wamerudi nyumbani na deni la fare. Wengine wanakodi kiti, na mwenye saluni anawaita washirika siku ya kulipa kodi ya nyumba na wafanyakazi siku ya kupanga zamu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Katika wote ninaowafahamu kwenye kazi hii, aliyewahi kupewa karatasi ya kutia sahihi ni mmoja, na karatasi yenyewe ilikuwa ya kukiri kwamba mashine ikiharibika atailipa.

Ndiyo maana nikisikia mtu akimlaumu fundi wa kucha wa Instagram kwa ukali, huwa nashangaa. Yule ni mmoja wa wachache waliopata kalamu. Wenzake wa kwenye majengo ya vioo wanafanya kazi ileile chini ya msemo kwamba mteja ni mfalme, na mfalme hajawahi kutozwa faini ya dakika 15.

Lakini maandishi yanayonisumbua kuliko yote ni ya kinyozi. Kwa Kiswahili kinyozi ni mtu, yule anayenyoa. Nairobi tulimgeuza duka, tukasema "naenda kinyozi", "kinyozi imefungwa", na bado mtu alibaki ndani ya neno. Halafu yakaja mabango ya Executive Barbershop & Spa na taa za buluu, na Tupac aliyekuwa amechorwa ukutani akapigwa rangi ya kijivu. Ukuta wa zamani ulikuwa na vichwa vyenye namba, unaonyesha kidole tu, na bei chini yake: kichwa, ndevu, mtoto. Ukuta mpya una bei kubwa na vitu vingi zaidi: taulo moto, kusuguliwa uso, rangi ya ndevu, barakoa nyeusi ya kuvuta uchafu wa pua. Na kuna kitu kimoja ambacho kila mwanaume wa mtaa anajua kipo na hakimo kwenye ukuta huo. Ukishanyolewa unapelekwa kwa sinki, na kwa sinki kuna msichana. Anakuosha kichwa, halafu anakuja shingo, mabega, mikono, wakati mwingine kidole kimoja kimoja hadi vyote kumi vimelia. Hiyo haina bei. Haina muda. Haina mpaka. Ukimaliza unampa "ya soda", kiasi utakachojisikia.

Wanaume wameandika sana kuhusu raha hii, kwenye blogu za ucheshi na kwenye nyuzi ndefu za X, na baadhi wameandika vizuri. Utamu wa maji ya moto, usingizi unaokuja katikati ya siku, kijana aliyekuja kunyoa kwa mia moja na kuondoka ameacha mia tatu. Ukisoma kumi mfululizo utaona zote zinasimuliwa na mtu aliyefumba macho. Msichana ni mikono. Hakuna anayetuambia amesimama tangu saa ngapi au kwamba maji ya sinki yamemtoa vidonda kati ya vidole, na ni nadra sana kusoma jinsi ambavyo baadhi ya wateja, wakishafumba macho, hunyoosha mkono.

Hapa ndipo kutoandikwa kunakuwa na bei. Huduma isiyo kwenye orodha haina mahali inapoishia, kwa hivyo anayelipa ndiye anaamua alikuwa ananunua nini. Mia moja ya huyu ni shukrani, mia moja ya yule ni dai. Na msichana hawezi kusema "hiyo haiko kwa orodha", kwa sababu hata mabega hayako kwa orodha. Sheria ileile ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Kinyozi ya watu sita haifiki hapo. Unyanyasaji wenyewe ni marufuku kila mahali, ndiyo, lakini ile karatasi ya kumwonyesha huyu dada ni nini hakivumiliwi na akaseme kwa nani, hakuna anayeidaiwa.

Ungetarajia basi kwamba wao wenyewe wanataka iandikwe. Niliwauliza wawili, na wote walikataa kwa haraka iliyonishangaza. Ikipanda kwa ukuta, walisema, ni ya mwenye duka. Atataka nusu yake, kama anavyochukua nusu ya kunyoa. Sasa hivi ile ya soda inaingia mfukoni moja kwa moja, na siku nzuri inapita pesa anayobaki nayo kinyozi mwenyewe. Ukimya huohuo unaoacha mlango wazi kwa mkono wa mteja ndio unaouzuia mkono wa bosi. Nimejaribu kuwatungia kifungu kichwani, vile nilivyofanya kwa yule wa ghorofa ya tatu, na kila ninachoandika kinafunga upande mmoja na kufungua mwingine. Fundi wa kucha alikuwa mwenye ukurasa, mwenye taa, mwenye laini ya simu. Alichoandika kilisimama kwa sababu chumba kilikuwa chake. Huyu hana hata lile sinki.

Mtaani kwetu kuna mahali ambapo wasichana wawili wamejaribu njia ya kati. Hawakugusa ukuta wa bei. Juu ya sinki wamebandika karatasi moja iliyochapishwa saiba, ikawekewa plastiki isilowe: masaji ni kichwa, shingo na mabega, dakika 10, shilingi 150, mlipe aliyekuhudumia. Chini yake kuna namba mbili za simu. Ni ya Kiswahili, nikaona, na kweli watu walianza kujadiliana nayo siku ya kwanza, mmoja akitaka dakika tano kwa sabini na tano. Mwenye duka hakuing'oa. Alichofanya ni kusogeza rafu ya mataulo kidogo kidogo, wiki hadi wiki, mpaka ikafunika nusu ya chini, ile yenye namba. Mara ya mwisho nilipompeleka ndugu yangu mdogo kunyolewa, karatasi haikuwepo juu ya sinki. Walikuwa wameihamishia darini, juu ya kile kiti cha kuoshea, mahali ambapo ukishalazwa kichwa nyuma huna kwingine kwa kuangalia.